Namna ya Kuchagua Lenzi na Kuboresha Kamera Isiyo na Kioo

Mtu anapoanza kuhisi kwamba kamera yake isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) imemfikisha mwisho, aghalabu hukimbilia kuuliza ni lenzi ipi inayosifiwa zaidi. Swali hilo halijibiki kabla ya kujibu jingine: picha zake zinaharibikia wapi? Picha ya mtoto anayekimbia ukumbini, iliyotoka na mikono iliyofifia kwa sababu ya mwendo, haitatibiwa na bodi (mwili wa kamera) yenye megapikseli nyingi. Inataka lenzi inayopitisha mwanga mwingi zaidi ili kasi ya shata, lile pazia linalofungua na kufunga njia ya mwanga, ipandishwe. Picha ya ndege aliyetua mbali, ambaye akikuzwa kwenye skrini anabaki kuwa madoa tu, inataka urefu mkubwa wa fokasi, yaani lenzi inayovuta vitu vya mbali. Picha ya mandhari iliyopigwa saa sita mchana ikakosa mvuto haitaki kifaa chochote. Inataka mpigapicha arudi mahali pale jua linapoinama.

Jibu limo ndani ya mafaili yenyewe. Kila faili linalotoka kwenye kamera hubeba kumbukumbu ya urefu wa fokasi, apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), kasi ya shata na kiwango cha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), na programu kama Lightroom Classic au digiKam huweza kuchuja picha kwa vigezo hivyo. Chukua zile ulizozihifadhi kwa kuzipenda, wala si zote ulizozipiga, kisha uangalie zimelundikana wapi. Mwenye zumu, yaani lenzi ya urefu unaobadilika, ya milimita 18 hadi 55 akikuta picha nyingi ziko kwenye 55 kamili, maana yake ni kwamba mkono wake uligonga mwisho wa pete huku jicho likitaka kwenda mbele zaidi, na lenzi ndefu itamfaa. Zikilundikana kwenye 18, anatamani upana. Zikiwa zimekusanyika katikati, tuseme karibu na 35, hana haja ya upana wala urefu, na fedha yake itafanya kazi nzuri zaidi kwenye lenzi ya urefu mmoja yenye apecha kubwa. Tazama pia ISO na shata: mfululizo wa picha za ISO 6400 na shata ya 1/30 ya sekunde ni malalamiko ya wazi kuhusu mwanga.

Kabla ya kununua lenzi ya pili, elewa kwamba lenzi hufungamana na maunti, yaani ile pete ya chuma iliyo mbele ya bodi pamoja na viunganishi vyake vya umeme. Bodi hubadilishwa, lenzi hukaa miaka mingi na hatimaye hubeba sehemu kubwa ya thamani ya mfumo mzima. Kwa hiyo anayechagua kamera yake ya kwanza anachagua maunti kuliko anavyochagua kamera. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008 kwa mfumo wa Micro Four Thirds, Sony ikaleta bodi za α7 zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa ya fremu kamili mwaka 2013, na Canon na Nikon zikaingia na maunti za RF na Z mwaka 2018, mwaka uleule ambao Leica, Panasonic na Sigma zilitangaza ushirikiano wa maunti ya L. Tofauti hizo za umri bado zinaonekana madukani, kwa kuwa maunti ya E ya Sony ina lenzi nyingi sana za watengenezaji wengine, ilhali kwenye RF Sigma na Tamron zilitangaza lenzi zao za kwanza zenye fokasi ya kujiendesha mwaka 2024 tu, nazo zikiwa za sensa ndogo ya APS-C. Lipo pia onyo la kihistoria: maunti ya EF-M ya Canon iliachwa, na lenzi zake hazifungiki kwenye bodi za RF. Anayeuziwa kamera ya mfumo ulioachwa kwa bei ya kuvutia ajue kwamba ananunua mfumo ambao hautaongezewa lenzi na mtengenezaji wake.

Ukubwa wa sensa huamua namba iliyoandikwa kwenye lenzi ina maana gani machoni pako. Fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. APS-C ni ndogo, kiasi kwamba urefu wa fokasi huzidishwa kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon, ili kulinganisha upana wa taswira, na Micro Four Thirds huzidishwa kwa 2. Milimita 25 kwenye Micro Four Thirds huona upana unaokaribiana na wa milimita 50 kwenye fremu kamili. Apecha huandikwa kwa f, na namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa; apecha ya f/2.8 inabaki f/2.8 kwa hesabu ya mwangaza katika sensa zote, jambo ambalo wengi huchanganyikiwa nalo. Kinachobadilika ni jinsi mandharinyuma inavyofifia, kwani sensa ndogo hufifisha kidogo kwa upana uleule wa taswira. Lenzi ya fremu kamili hufanya kazi bila tatizo kwenye bodi ya APS-C ya maunti ileile, ila utabeba uzito usioutumia. Kinyume chake kina gharama: lenzi ya APS-C kwenye bodi ya fremu kamili yenye megapikseli 24 hukuachia takriban megapikseli 10.

Tukae kidogo kwenye apecha, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hutumika vizuri au hupotea. Zumu nyingi zinazouzwa pamoja na bodi hufunguka f/3.5 zikiwa kwenye upana wao wa mwisho, na f/5.6 zikivutwa. Lenzi ya urefu mmoja ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ule unaopitishwa na f/5.6. Maana yake kwa vitendo ni kwamba chumba kilichokulazimisha kutumia shata ya 1/30 kwa ISO fulani sasa kinakuruhusu kutumia karibu 1/300 kwa ISO ileile, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha uso uliofifia na uso ulioganda ukiwa katikati ya kicheko. Hakuna bodi mpya itakayokupa hatua kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo kama hiyo. Lakini apecha kubwa ina madai yake. Ukipiga uso kwa lenzi ya milimita 85 kwenye fremu kamili, ukiwa umefungua f/1.8 kutoka umbali wa mita moja na nusu, eneo litakaloonekana kali lina kina cha takriban sentimita 3 tu. Anayepigwa akigeuza kichwa kidogo, jicho moja litakuwa kali na la pili litaanza kuyeyuka. Watu wawili waliosimama mmoja mbele ya mwingine hawawezi wote kutoka wazi pichani. Anayenunua f/1.4 au f/1.2 kwa tamaa ya mandharinyuma laini mara nyingi huishia kuipiga kwa f/2.8, huku akiwa amelipia kioo kikubwa na kizito ambacho hakitumii.

Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, lenzi ya pili ya watu wengi iwe ya urefu mmoja yenye f/1.8 au f/2, kwenye urefu ule uliojitokeza katika picha zake mwenyewe. Zumu za f/2.8 za milimita 24 hadi 70 ni kazi nzuri mno, na mpigapicha wa harusi au wa matukio anazihitaji kwa sababu hana muda wa kubadilisha lenzi, lakini nyingi za fremu kamili kutoka kwa watengenezaji wakubwa zina uzito wa kati ya gramu 700 na 900, na lenzi inayobaki nyumbani kwa sababu ya uzito haipigi picha. Lenzi ndefu za wanyama na michezo ni jambo la peke yake: hapo milimita 400 ni mwanzo tu kwa ndege wadogo, na unachonunua kwanza ni kasi na utulivu wa fokasi, ndipo apecha. Anayependa wadudu na maua atafute lenzi ya makro inayofikia uwiano wa 1:1, yaani taswira kwenye sensa ilingane na ukubwa halisi wa kiumbe, na karibu milimita 100 ni bora kuliko urefu mfupi kwa kuwa inakuacha mbali na kiumbe asije akakimbia wala kivuli chako kisimwangukie. Lenzi pana sana ndizo ambazo huonekana zikiuzwa zingali mpya, na sababu inaeleweka, kwani upana husukuma kila kitu mbali na kukifanya kidogo, hivyo mlima uliokustaajabisha unageuka kilima pichani usipoweka kitu cha karibu mbele yake.

Kidhibiti cha mtikisiko, kiwe ndani ya bodi au ndani ya lenzi, hutangazwa kwa nguvu na hueleweka vibaya. Kanuni ya zamani inasema shata isiwe polepole kuliko moja kugawanywa kwa urefu wa fokasi, yaani 1/50 kwa milimita 50 kwenye fremu kamili. Kidhibiti kizuri hukuruhusu kushuka chini ya hapo sana, hata ukapiga jengo au meza iliyopangwa kwa 1/10 bila stendi. Hakimsimamishi mchezaji wa ngoma. Kinachosimamisha mwendo wa anayepigwa ni shata ya haraka, 1/500 au zaidi, na shata ya haraka inadai mwanga, kwa hiyo tunarudi kwenye apecha. Mwenye kupiga watu wanaotembea asilipe zaidi kwa ajili ya kidhibiti pekee; mwenye kurekodi video kwa mkono alipe bila kusita.

Faida moja kubwa ya kuondolewa kwa kioo ni nafasi. Maunti ya EF ya kamera za Canon zenye kioo ilihitaji milimita 44 kati ya pete na sensa. RF inahitaji 20. Maunti ya F ya kamera za Nikon zenye kioo ilihitaji 46.5, Z inahitaji 16. Pengo hilo linajazwa na adapta, na lenzi za zamani zinaishi tena. Adapta ya mtengenezaji mwenyewe huhifadhi fokasi ya kujiendesha kwa lenzi zenye mota ndani yake, lakini adapta za FTZ za Nikon hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani za AF-D zisizo na mota ndani yake, hivyo hizo zitafokasiwa kwa mkono. Lenzi za zamani kabisa, kama zile za skrubu ya M42, hufungwa kwa adapta tupu isiyo na umeme. Itabidi uruhusu kwenye menyu kamera ipige bila kutambua lenzi, kisha utumie rangi ambayo kamera hupaka kwenye kingo zilizo ndani ya fokasi, au ukuze taswira ndani ya kitafuta taswira cha kielektroniki. Kwa picha za vitu vilivyotulia njia hii ni rahisi na inafurahisha. Kwa mtoto mdogo, sahau.

Lenzi iliyotumika inaweza kukupa daraja la juu kwa fedha ya daraja la chini, mradi uikague kwa mkono wako. Fungua apecha yote, washa tochi upande wa nyuma na utazame kutoka mbele kwa pembe. Chembe chache za vumbi si neno, hazionekani pichani. Nyuzi nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu huweza kula rangi ya kinga iliyo juu ya kioo, kwa hiyo ikatae. Angalia visu vya apecha kama vina mafuta. Kisha ifunge kwenye kamera, piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sambamba nao kwa apecha kubwa kabisa, na ulinganishe pembe nne: zote zikiwa hafifu kwa usawa ni tabia ya lenzi, lakini moja ikiwa hafifu kuliko nyingine ni dalili kwamba vioo vimehama. Usiogope mambo mawili ambayo huwatia watu hofu bure. Katika lenzi nyingi za kisasa pete ya fokasi hutuma ishara ya umeme tu, kwa hiyo kuizungusha kamera ikiwa imezimwa hakuleti kitu. Na baadhi ya lenzi hutoa sauti ya kugongana ndani zikitikiswa bila umeme, kwa sababu sehemu zinazoshikwa na sumaku zimeachwa huru.

Vifaa vidogo vipite haraka. Betri ya ziada ni ya lazima, maana skrini na kitafuta taswira hunyonya umeme muda wote. Kwenye kadi za SD, alama ya V30 inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, V60 inahakikisha 60, na V90 inahakikisha 90. Kadi ya UHS-II yenye safu mbili za viunganishi haitakuongezea kasi ndani ya kamera ya UHS-I, ambayo husoma safu moja tu. Nunua kichujio kimoja kizuri cha kipenyo kikubwa, mathalani milimita 77, na pete za kukifungia kwenye lenzi zenye kipenyo kidogo. Sakinisha pia matoleo mapya ya programu ya ndani ya bodi na ya lenzi, kwani mara nyingine fokasi huimarika bila gharama yoyote.

Bodi mpya ije mwisho, nayo ina sababu zake za haki: fokasi inayotambua na kufuata jicho, nafasi mbili za kadi kwa anayelipwa, sensa inayosomwa haraka ili mistari iliyonyooka isipinde wakati wa shata ya kielektroniki, au kidhibiti cha mtikisiko ambacho ya zamani haina. Megapikseli pekee si sababu. Kutoka 24 hadi 33 huongeza upana wa picha kwa karibu asilimia 17 tu, na lenzi yenye pembe hafifu itauonyesha uhafifu wake ukiwa umekuzwa kwa kiasi hichohicho.