Kumpata mhusika mahiri kwenye mchezo usioujua

Mnaoendesha michezo ya kuigiza mezani hapa Moshi (kila mchezaji anaigiza mhusika wake, nyie mnaigiza wengine wote, na dadu huamua matokeo), mkipata mchezo mgeni msikisie namba za uwezo wa wahusika wenu. Angalieni dadu kwanza. Kwenye dadu moja ya pande 20, kila nyongeza ya 1 kwenye namba iliyotoka huongeza nafasi ya kufaulu kwa asilimia 5 tu, hivyo +3 ni 15. Kwenye dadu mbili za pande 6, kupata 8 au zaidi ni kama asilimia 42. Weka +3 hiyo hiyo, inaruka hadi 83. Huyo tayari ni bingwa.

Ukishajua hilo, chukua mhusika wa mfano aliyemo kitabuni, badilisha jina na kazi, mpe umahiri mmoja mkubwa. Mimi napenda kiongozi wa wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu: anamwona mgeni akihangaika kufunga kamba za viatu, anajua mwinuko umeshampata, anaamuru ashushwe kabla ya kufika Kibo. Upanga hajui hata kuushika, na ni vizuri, maana mapigano ni ya wachezaji. Namba zake nyingine usiziandike mpaka dadu ilazimike kurushwa.