SOMO: Kabla hujailaumu WRF, jinsi ya kulinganisha upepo wa modeli na wa kituo kwenye milima (mfano Marsabit)

Habari zenu wakuu. Inboksi yangu imejaa swali moja kuhusu WRF, ile modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, "nimerani WRF, upepo haufanani na kituo, nibadilishe skimu gani?" (skimu ni kanuni ambazo modeli inakadiria nazo mambo kama hewa kuchanganyika) na jibu langu ni lilelile, usibadilishe kitu kwanza. Kwenye milima mara nyingi unakuta mtu anapima vitu viwili tofauti halafu kosa anabebeshwa modeli. Leo nalieleza mara moja ili nikiulizwa tena niwe naleta linki tu.

Mfano natumia Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na ule ukanda wa Turkana. Sisi wa pwani tumezoea kusi na kaskazi vinapokezana, ila kule juu upepo wa kusini-mashariki unavuma karibu mwaka mzima, unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kama maji kwenye mfereji, unaongeza kasi unaelekea ziwani. Watafiti Kinuthia na Asnani waliuandika 1982, na ndio huohuo unaozungusha ile mitambo 365 ya umeme, jumla megawati 310, kule upande wa Loiyangalani. Kwa hiyo upepo wenyewe upo na una nguvu, shida inakuja unapotaka modeli ikupe kasi sahihi mahali fulani saa fulani.

Hatua ya 1: angalia modeli inadhani kituo kiko wapi

Fungua HGT (mwinuko wa ardhi ndani ya modeli) kwenye faili la matokeo, soma mwinuko wa kiboksi cha gridi kilicho karibu na kituo chako. Kituo cha Marsabit kiko mita 1,300 na kitu, mlimani. Ukirani gridi ya kilomita 9, yaani kila kiboksi kina upana wa kilomita 9, ule mlima unasagwa unakuwa kilima kipole, kwa hiyo tuseme modeli inakwambia mita 900, hapo unalinganisha upepo wa mtu aliyesimama juu ya paa na wa mtu aliye uani. Kwenye vilele WRF ina tabia ya kutoa upepo mdogo kuliko ukweli, mabondeni na kwenye tambarare inatia chumvi, hilo linajulikana na ndio maana ipo ile swichi ya topo_wind ya kurekebisha hilo. Usichukue kiboksi kimoja tu, chukua tisa, tatu kwa tatu, andika mwinuko wa kila kimoja pembeni ya kasi yake. Ukiona kasi inabadilika sana kati ya viboksi jirani ujue hapo namba moja pekee haina maana.

Hatua ya 2: saa, saa, saa

Hapa nisimame kidogo maana nimeumia. Kuna kipindi nilipewa data za kituo kimoja kidogo, zimeandikwa kwa mkono kwenye daftari halafu mtu akazichapa kwenye Excel. Safu ya kwanza imeandikwa "saa", chini yake 3, 6, 9, 12. Mimi kichwani ni UTC, ile saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu, nikaziweka hivyohivyo. Modeli ikawa inachelewa masaa matatu kila siku, haikosei hata siku moja, masaa matatu kamili, na mimi badala ya kushtuka nikaanza kubadilisha skimu za tabaka la chini la hewa, kama YSU na MYNN, nikarani upya wiki mbili umeme unakatika katikati. Mwisho nikampigia aliyeandika, nikamuuliza mzee hii saa 3 ni saa 3 ya wapi, akacheka, "Saa tatu asubuhi kijana, watoto wako darasani."

Saa tatu asubuhi ni 0900 ya kwetu, yaani 0600 UTC. Kwa hiyo shika hii: saa ya Kiswahili ya mchana ongeza 3 unapata UTC. Ya usiku ongeza 12 kwanza halafu 3, saa tatu usiku ni 1800 UTC, ukivuka 24 toa 24. Kosa linalojirudia kwa masaa kamili likutie shaka na saa kwanza, fizikia baadaye.

Hatua ya 3: kimo cha kifaa na vipimo

U10 na V10 ni upepo wa mita 10 juu ya ardhi, U ni sehemu yake inayoelekea mashariki na V inayoelekea kaskazini. Vituo vingi vya mashuleni kifaa kiko kama mita 2 tu. Kwenye majani mafupi, ukitumia kanuni ya logi (kasi inaongezeka kwa logi ya kimo) na ukwaruzo (jinsi ardhi inavyokwaruza upepo) wa mita 0.03, zidisha kasi ya mita 2 kwa 1.38 kupata ya mita 10. Ukwaruzo ukiwa 0.1 inakuwa 1.54, kwa hiyo unaona kubahatisha ukwaruzo kunavyokuponza. Na kanuni yenyewe inafaa hewa iliyochanganyika vizuri, usiku uliotulia inadanganya. METAR, zile ripoti za hali ya hewa za uwanja wa ndege, ziko kwa noti (knots), zidisha 0.514 upate mita kwa sekunde.

Hatua ya 4: mwelekeo

Upepo unatajwa unakotoka. Kutoka U na V ni 270 toa atan2(V,U) kwa digrii, ikizidi 360 punguza. Usiwahi kutafuta wastani wa mwelekeo kwa kujumlisha na kugawa, 350 na 10 zote ni kaskazini ila wastani utakupa 180, kusini! Tafuta wastani wa U na V kwanza. Na kasi ikiwa chini ya mita 2 kwa sekunde mwelekeo uache, hapo upepo unazurura tu.

Hatua ya 5: tupa mwanzo, tenganisha usiku na mchana

Masaa 12 ya kwanza ya modeli tupa, bado inajipanga. Zilizobaki usizitie kwenye kapu moja. Ule mkondo wa upepo wa Turkana uko mita mia kadhaa juu ya ardhi na una nguvu zaidi usiku na alfajiri. Tambarare usiku hewa ya chini inapoa inajitenga, huku chini unaweza kuwasha kiberiti na juu kunavuma kweli, jua likipanda hewa inachanganyika, nguvu inashushwa chini na kifaa chako kinaanza kukimbia. Kwenye kilele inaweza kuwa kinyume kabisa. Sasa modeli inayochanganya hewa kupita kiasi usiku itatia chumvi usiku na kupungukiwa mchana, ukijumlisha kosa la wastani linakuwa karibu sifuri, unafurahi, kumbe umekosea masaa yote 24. Chora mstari wa kosa kwa kila saa ya siku. Mchoro huo mmoja naupenda kuliko jedwali lolote.

RMSE (kipimo cha ukubwa wa kosa) na uwiano vihesabu baada ya hapo, skripti ziko kila mahali.

MASWALI

mama_hydro: Asante mwalimu. Mimi nimeshusha gridi toka kilomita 9 hadi 1, RMSE imepanda badala ya kushuka. Nimeharibu nini?

Jibu: Hujaharibu dada. Gridi ndogo inachora kipande halisi cha upepo mkali lakini ikikiweka kilomita tatu pembeni au nusu saa baadaye, unaadhibiwa mara mbili, kwa kukiweka pasipokuwepo na kwa kukikosa kilipokuwepo. Ya kilomita 9 ni laini, haisemi kitu, kwa hiyo haikosei sana. Linganisha na kituo mgawanyo wa kasi zote za mwezi mzima, pamoja na ile picha ya saa kwa saa ya hatua ya 5, utaona ya kilomita 1 iko karibu na kituo.

Dogo wa Juja: Mkuu kwa nini nisichukue ERA5 tu nilale, laptopu yangu inalia

Jibu: ERA5 ni data za hali ya hewa iliyopita za dunia nzima, zimeshakokotolewa, ila kiboksi chake ni kama kilomita 31, ule mfereji kati ya milima unaupoteza nusu. Machi na Aprili 2021 watafiti walirusha maputo ya vipimo pale Marsabit wakakuta ERA5 inapunguza kasi ya mkondo. Itumie kulisha mipaka ya WRF, ila usiifanye ndio shahidi.

Samburu_GIS: Kuhusu mwelekeo, si inabidi kuzungusha U na V kwa SINALPHA na COSALPHA?

Jibu: Kweli, nilisahau, hizo ni sine na kosine ya pembe kati ya gridi na kaskazini halisi. Ukitumia ramani ya aina ya Lambert lazima uzungushe. Huku karibu na ikweta wengi tunatumia Mercator, pembe ni sifuri, haibadilishi kitu.

Dogo wa Juja: Na modeli ikikufia na kosa la CFL kwenye mteremko?

Jibu: CFL ni kikomo, upepo usivuke kiboksi kizima kwa hatua moja ya muda. Anza kupunguza hatua ya muda, desturi ni sekunde 6 kwa kila kilomita ya gridi, milimani shuka hadi 4 au 3. Halafu pandisha epssm, namba inayotuliza mawimbi ya sauti ndani ya modeli, kutoka 0.1. Ikigoma kabisa lainisha milima, ila rudi hatua ya 1 upime mwinuko upya maana umeshaikata milima tena.

Mchaga wa data: Niko Moshi, kituo cha shule. Nimefuata hatua zote, saa ziko sawa, mwinuko unatofautiana mita 40 tu. Upepo ukitoka kusini modeli iko vizuri, ukitoka mashariki modeli inazidi mara mbili, mchana na usiku. Ni Kilimanjaro inazuia?

Jibu: Mlima uko kaskazini yako kaka, usiusingizie. Upande wa mashariki wa kifaa kuna nini, hatua kama ishirini?

Mchaga wa data: Ngoja nimpigie mlinzi.

Mchaga wa data: Tangi la maji. Na mgomba.