Somo: Kutazama kupatwa kwa jua kwa boksi na tundu la pini (someni kwanza, ndipo muulize)

Wakuu, salaam.

Kila ikitangazwa kwamba jua litapatwa, maswali huwa yale yale. Filamu ya eksirei inafaa? Miwani nyeusi je? Beseni la maji? Nimeyajibu hadi vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Majibu ni hapana, hapana na hapana.

Tarehe ya kuweka akilini ni Jumatatu, 2 Agosti 2027. Giza kamili litapita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, Luxor kule Misri (zaidi ya dakika 6 za giza), Jeddah, Makka, Yemen, hadi ncha ya Somalia. Sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania tutaona jua lililomegwa tu, na jamaa zetu walioko Omani vilevile. Jua lililomegwa, hata likibaki uzi, halitazamwi kwa macho matupu. Ruhusa hiyo ipo kwa walio ndani ya njia ya giza kamili peke yao, na ni kwa zile dakika chache ambazo jua limefunikwa lote.

Vifaa: boksi refu (la feni ya kusimama ni zuri sana), karatasi nyeupe, foili ya jikoni, selotepu, wembe, pini.

Hatua ya 1. Bandika karatasi nyeupe ndani ya boksi, kwenye ncha moja. Picha itatua hapo.

Hatua ya 2. Kwenye ncha ya pili kata dirisha dogo karibu na kona, ulizibe kwa foili isiyo na mikunjo.

Hatua ya 3. Toboa foili kwa pini. Tundu moja, la milimita moja hivi. Msitumie kalamu. Tundu likiwa kubwa picha hung'aa, lakini kingo zake huwa ukungu mtupu na hutaona pale palipomegwa. Ukiharibu, badilisha foili.

Hatua ya 4. Ncha ile ile yenye foili, kona ya pili, kata dirisha la kuchungulia. Ziba nyufa zote za boksi.

Hatua ya 5. LIPE JUA MGONGO. Hapa ndipo watu wanapoharibu, tena watu wazima wenye akili zao. Wakisikia "tundu la pini" wanadhani tundu ni la kuchungulia jua, kwamba kwa kuwa ni dogo basi mwanga unapungua. Siyo! Hakuna mtu anayetazama jua kupitia tundu hilo. Jua liko nyuma yako, mwanga unapita juu ya bega, unaingia kwenye foili na kutua kwenye karatasi iliyo mbele yako, nawe unaitazama karatasi. Geuza boksi taratibu hadi kivuli chake chini kiwe kidogo kabisa, hapo ndipo limelielekea jua. Watoto wasimamiwe na mtu mzima, maana mtoto asipoona picha haraka anageuka kulitafuta jua lenyewe. Na kaa ukijua kwamba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Utaunguza jicho bila kusikia chochote, kisha baada ya saa kadhaa unagundua kuna doa katikati ya kila unachokitazama. Doa hilo huenda lisiondoke.

Picha itakuwa ndogo, msinilalamikie. Chukua urefu wa boksi ugawe kwa 110: boksi la mita 1 linakupa jua la milimita 9. Ukitaka kubwa zaidi, tafuta boksi refu zaidi.

Asiye na boksi asimame chini ya mwembe au mwarobaini. Nafasi kati ya majani ni matundu tayari, na ardhi yote itajaa jua zilizomegwa. Chekecheke na kikapu cha ukindu kilicholegea hufanya kazi hiyo hiyo.

Haya, maswali.

Kibopa: Mkuu mi nina miwani ya jua orijino, nyeusi tii. Siwezi kuitumia?

Jibu: Aya ya kwanza.

Kibopa: Ila hii ni ya bei kubwa.

Jibu: Bei haichuji mwanga. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye kiwango cha ISO 12312-2 haipitishi zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga. Hiyo yako unaivaa na bado unasoma menyu hotelini.

Mwana Mbarali: Mwaka 2016 jua lilipopatwa, Rujewa kule Mbeya, nilitazama kwa eksirei na macho yangu mazima hadi leo. Acheni kutisha watu.

Jibu: Yupo pia aliyevuka barabara kuu bila kuangalia akafika ng'ambo. Filamu ile ina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, kutegemea mfupa ulipita wapi, na weusi unaouona kwa jicho haukuambii ni kiasi gani cha infraredi (mnururisho wa jua usioonekana kwa jicho) kinapenya. Hongera kwa bahati, lakini hapa usimshauri mtu.

Mama Pacha: Samahani kaka, swali linalotokana na hilo. Kwa nini Rujewa hakukuingia giza wakati mwezi uliingia katikati kabisa ya jua?

Jibu: Dada, swali zuri. Jua lina upana wa karibu mara 400 ya mwezi, na liko mbali karibu mara 400 zaidi, ndiyo maana angani vinaonekana karibu sawa. Ila mwezi hauzunguki kwa duara kamili. Kuna siku uko kilomita 357,000 hivi, na siku nyingine unapita 405,000. Tarehe 1 Septemba 2016 ulikuwa mbali, ukaonekana mdogo, ukashindwa kuliziba jua lote. Ikabaki pete. Pete nayo ni jua, kwa hiyo kinga haivuliwi hata sekunde. Tofautisha na Pakwach, Uganda, 3 Novemba 2013: pale giza kamili liliingia kweli, ila kwa sekunde chache tu.

Fundi Geti: Nachomelea mageti. Kioo cha kofia yangu kinafaa?

Jibu: Fundi, angalia namba iliyoandikwa kwenye kioo. Namba 14 ni salama, 12 ndiyo ya chini kabisa. Karakana nyingi hutumia 10 au 11, hizo hazitoshi, na usibandike viwili pamoja ukikisia. Kofia zinazojitia giza zenyewe usitumie.

Juma wa Pongwe: Sijaelewa ubaya wa beseni. Si natazama maji, sitazami jua?

Jibu: Jua likiwa juu, maji hurudisha asilimia 2 hivi ya mwanga wake. Linganisha na ile 0.0032 hapo juu.

Ticha wa Fizikia: Nimejaribu leo uani. Nikakata tundu la pembetatu kwa makusudi, kwenye karatasi likaja duara. Nimeshangaa.

Jibu: Mwalimu, umenifurahisha. Kila nukta ya jua inatuma kipembetatu chake kwenye karatasi. Karatasi ikiwa mbali na tundu dogo, vipembetatu hivyo vinapangana kwa umbo la jua. Isogeze karatasi hadi karibu na tundu, utaona pembetatu inarudi. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa elimu ya mwanga, aliandika risala nzima juu ya jambo hili karne ya 11, akieleza kwa nini jua linalopatwa hutoa hilali kupitia tundu la duara.

Darasa likiwa kubwa, acha boksi. Chukua kioo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi yenye tundu la milimita 5, urushe mwanga kwenye ukuta wa chumba chenye giza. Ukuta ukiwa mita 10 utapata jua la sentimita 9, na wanafunzi wote wanatazama ukutani. Kioo kiegemezwe mahali pasipotikisika, na mwanga usipite usawa wa macho.

Baba Mtarajiwa: Mke wangu mjamzito, mama anasema asitoke nje siku hiyo.

Jibu: Mtoto tumboni hadhuriki. Mama umheshimu, lakini mke akitaka kuona mpe boksi.

Kibopa: Saa ngapi?

Jibu: Mchana, baada ya adhuhuri. Dakika zinategemea mji.

Kibopa: Hapa kwetu sasa?

Jibu: Kwenu wapi, Kibopa?

Mama Pacha: Kaka, foili ya ndani ya pakiti ya sigara inafaa?

Jibu: Inafaa. Ibandue taratibu kwenye karatasi yake, uinyooshe kwa mgongo wa kijiko, kisha iangalie mbele ya taa kama haijatoboka pengine.