Ukiulizwa unapanga kuzaa lini kwenye intavyuu, fanya hivi
Swali halali ni lile linalogusa kazi yenyewe, yani unaweza shifti ya usiku, una leseni, unaruhusiwa kisheria kufanya kazi nchini. Anayekuhoji akianza umeolewa, dini gani, kabila gani, utazaa lini, hapo keshavuka mpaka. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1958 unakataza ubaguzi kazini kwa jinsia, dini, rangi, siasa na asili ya mtu, na nchi zaidi ya 170 zimeuridhia.

Usipaniki, we tafuta wasiwasi uliojificha nyuma ya swali ndo uujibu huo. Mfano akikuuliza watoto utamwachia nani (wanaume hawaulizwi hili, inauma sana), mwambie "kama ni kusafiri na ovataimu, naweza bila shida". Akikomaa, muulize kwa upole "samahani, hilo linahusianaje na majukumu ya kazi hii?"

Ukitoka tu, andika swali neno kwa neno, nani kauliza, saa ngapi, nani walikuwepo, maana ukija kunyimwa kazi ukataka kulalamika, kumbukumbu ya siku ileile inakusaidia kuliko maelezo ya baadae.