Mahojiano ya viza ya ndoa katika ubalozi wa Marekani, Nairobi: jinsi ya kujiandaa

Siku unapoitwa Gigiri kwa mahojiano ya viza ya ndoa, afisa tayari ana faili yenu mbele yake. Lipo ombi la I-130 ambalo mumeo au mkeo alilipeleka USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Ipo fomu ya DS-260, ya kuomba viza, uliyoijaza mwenyewe, pamoja na vyeti na karatasi za mapato. Maswali ya dirishani mara nyingi huisha kwa dakika chache, kwa sababu kazi ya afisa ni kulinganisha unayosema leo na mliyoandika, na pia na yale uliyowahi kuiambia serikali hiyo kabla hamjajuana. Kukariri majibu hakusaidii. Kinachosaidia ni kuisoma faili nzima wawili pamoja, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mhakikishe kila kilichomo ni kweli na mnaweza kukieleza.

Mwongozo huu ni wa anayeombewa na mwenzi aliye raia wa Marekani. Viza yake huitwa CR1 ikiwa ndoa haijatimiza miaka 2 siku anapoingia Marekani, na IR1 ikiwa imetimiza. Mwenzio akiwa na grini kadi tu, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, uko katika kundi la F2A na utasubiri tarehe yako ifikiwe katika taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi.

Kabla ya kutumia hata shilingi, thibitisha hali ya nchi ya pasipoti yako kwenye tovuti ya travel.state.gov. Amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 iliwawekea vizuizi raia wa Somalia na Burundi, na ile ya Desemba 2025 ikaiongeza Tanzania katika orodha. Masharti haya hubadilika, na ni vibaya kulipia vipimo vya daktari kisha ndipo ugundue mlango umefungwa.

Jinsi tarehe inavyopatikana

I-130 ikikubaliwa, faili huhamia kituo cha taifa cha viza, NVC. Hapo mnalipa ada kupitia CEAC, tovuti ya serikali ya Marekani ya maombi ya viza: dola 325 za ombi la viza kwa kila mtu, na dola 120 za kukagua hati ya udhamini. Kisha unajaza DS-260 na kupakia nakala za vyeti. NVC wakiridhika wanakujulisha kwamba hati zenu zimekamilika, na kuanzia hapo mnasubiri nafasi. Tarehe hupangwa na NVC wenyewe na hutumwa kwa barua pepe. Wakala anayekuambia ana mtu wake ndani wa kukusogezea tarehe anakula pesa zako. Barua pepe za kweli kutoka serikali ya Marekani huja na anwani inayoishia na .gov.

Jambo moja huwaliza wazazi wengi: mtoto wako haingii kwenye ombi lako. Mwenzi wa raia anapoombewa, kila mtoto lazima awe na I-130 yake. Mtoto uliyezaa kabla ya ndoa hii anaweza kuombewa na baba au mama wa kambo, mradi ndoa yenu ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kama mlituma ombi la mama peke yake mkidhani watoto watafuata, rekebisheni sasa, msingoje siku ya dirishani.

Vyeti

Cheti cha ndoa lazima kiwe cha serikali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinapaswa kusajiliwa. Picha za ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na video ya siku ya mahari ni ushahidi mzuri wa uhusiano, lakini hazichukui nafasi ya cheti cha msajili. Aliyefunga ndoa kwa kadhi ahakikishe imesajiliwa na cheti kimetoka.

Kama yeyote kati yenu aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya kumaliza kila ndoa ya awali inahitajika: amri ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani, au cheti cha kifo. Huku Pwani talaka ya mdomo imewakwamisha wengi. Mume alitamka, kila mtu mtaani anajua, mke akakaa eda akaolewa tena, lakini karatasi hakuna. Nendeni Mahakama ya Kadhi mpate hati. Na kama uliishi na mtu miaka kadhaa bila cheti mkazaa, usijifanye hakuwepo. Eleza kwamba mliishi pamoja, hamkusajili ndoa, na mkaachana. Afisa wa Nairobi anazijua familia za Kenya na jibu hilo halimshtui. Kinachomshtua ni mtoto mwenye jina la baba ambaye hakutajwa popote.

Cheti cha kuzaliwa kilichochukuliwa juzi ilhali una miaka 35 si kosa, maana wengi wetu tulisajiliwa tukiwa wakubwa. Bali beba kitu cha zamani cha kukiunga mkono: kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, rekodi za shule ya msingi. Majina nayo yakague herufi kwa herufi. Mtu akiwa Wanjiku kwenye kitambulisho, Mary kwenye cheti cha shule na jina la mume kwenye pasipoti, aje na hati ya kiapo au ya kubadilisha jina inayoonyesha wote ni mtu mmoja.

Cheti cha maadili mema huombwa kupitia eCitizen, kisha unapeleka alama za vidole makao ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, au kwenye kituo cha Huduma kinachotoa huduma hiyo. Waliowahi kufanya kazi Saudia, Qatar au kwingineko wasisahau: nchi yoyote uliyoishi miezi 12 au zaidi ukiwa na umri wa miaka 16 kwenda juu inahitaji cheti chake cha polisi. Namna ya kukipata imeelezwa nchi kwa nchi kwenye travel.state.gov. Anza mapema, kwa kuwa cheti cha Ghuba hukawia kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha.

Daktari

Vipimo hufanywa tu na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi. Mjini Nairobi kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ni miongoni mwa zilizoidhinishwa. Beba pasipoti, barua ya miadi, picha na kadi ya chanjo. Utapimwa mwili, utachukuliwa damu, na mtu mzima hupigwa eksirei ya kifua. Eksirei ikionyesha dalili ya kifua kikuu utatoa makohozi, na kuyaotesha maabara huchukua takriban wiki 8. Ukimwacha daktari hadi wiki ya mwisho, tarehe ya mahojiano itapita mkingali mnasubiri. Usiende mapema mno pia: majibu kwa kawaida hudumu miezi 6, na viza haiwezi kupita muda huo.

Kuna hofu ambayo watu huinong'ona tu. Virusi vya ukimwi si kizuizi cha viza ya Marekani tangu Januari 2010. Kama unatumia dawa, endelea nazo, usiziache kwa ajili ya safari, na umweleze daktari ukweli.

Udhamini wa mwenzio

Mwenzio hutia saini fomu ya I-864, mkataba wa kisheria kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali. Kipato chake kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Mwaka 2025 kwa kaya ya watu 2 ilikuwa dola 26,437. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mwenzi wake hutakiwa asilimia 100 tu. Asipofikia, mtafute mdhamini wa pili aliye raia au mwenye grini kadi na anayeishi Marekani. Mali pia huhesabiwa: kwa mwenzi wa raia, thamani yake iwe angalau mara 3 ya pengo la kipato. Leteni rekodi ya kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na barua ya mwajiri ya karibuni.

Raia anayeishi nawe Kenya ana kazi ya ziada. Lazima aonyeshe kwamba anarudi kuishi Marekani: ofa ya kazi, nyumba ya kupanga, akaunti ya benki, watoto walioandikishwa shule.

Watakachouliza

Mlijuana vipi, mkaonana uso kwa uso lini kwa mara ya kwanza, nani alimtaka mwenzie, harusi ilikuwa wapi na nani walihudhuria, yeye anafanya kazi gani, ana watoto wangapi na majina yao, aliachana na wa kwanza kwa nini, mmeonana mara ya mwisho lini, mtaishi wapi. Kama umri wenu unatofautiana sana, au dini, au wazazi wake hawakuja harusini, tarajia swali na ulijibu bila kuona haya. Jibu unaloulizwa, kisha nyamaza. Usichokikumbuka sema hukikumbuki. Tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko kusahau.

Ushahidi uwe wa kila siku na wa muda mrefu: risiti za pesa alizokutumia, mihuri ya pasipoti ya safari zake, tiketi, picha zenu na jamaa za pande zote mbili, sehemu chache za mazungumzo ya WhatsApp kutoka miezi tofauti. Picha mia za siku ya harusi zinaonyesha harusi. Picha tano za mazishi ya bibi ambako mwenzio alikuja akakaa na familia zinaonyesha ndoa.

Sehemu inayoangusha watu wa kweli wenye ndoa za kweli ni historia ya zamani. Mtu aliomba viza ya utalii miaka iliyopita akaandika ameoa na ana watoto ili aonekane ana sababu ya kurudi. Mwingine aliingia bahati nasibu ya grini kadi akaweka jina la "mke" ili amsaidie jirani. Rekodi hizo bado zipo, na leo unasema hujawahi kuoa. Uongo wenye uzito kwa afisa wa viza unaweza kukufungia Marekani maisha yako yote, ukabaki kutegemea msamaha unaoombwa kwa fomu ya I-601, ambao si haki bali ni huruma. Anayepatikana na ndoa ya kughushi hufungiwa hata maombi ya baadaye. Kama kuna kitu cha aina hii nyuma yako, mwambie mwenzio leo, na mzungumze na wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya tarehe. DS-260 yenye kosa inaweza kusahihishwa: ukifika dirishani, mwambie afisa mapema kwamba jibu fulani si sahihi, bila kusubiri akuulize.

Siku yenyewe

Ubalozi uko United Nations Avenue, Gigiri. Barabara hiyo asubuhi ina msongamano, kwa hiyo wa mbali alale Nairobi usiku wa kuamkia. Ukaguzi wa mlangoni ni mkali. Usitegemee kuonyesha kitu chochote kwenye simu. Chapisha kila kitu. Beba pasipoti, barua ya miadi, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, picha zenye ukubwa unaotakiwa, vyeti halisi vyote na nakala zake, na hati za udhamini. Zipange kwa utaratibu wa barua ya maelekezo ili ukiitishwa kitu usianze kupekua mbele ya dirisha.

Ndani utaanza na ukaguzi wa karatasi, kisha alama za vidole, kisha kusubiri. Mbele ya afisa utainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Kama Kiswahili ndicho unachokimudu, sema tangu dirisha la kwanza. Ni bora kuliko kuitikia swali la Kiingereza ambalo hukulielewa. Si lazima mwenzio awepo.

Baada ya dirisha

Ukikubaliwa, pasipoti hubaki nao na utaifuata kwa njia utakayoelekezwa. Usikate tiketi wala kuacha kazi kabla viza haijawa mkononi. Ukipewa karatasi ya 221(g), ombi limesimama kwa sababu kuna hati inayokosekana au uchunguzi unaoendelea. Isome, peleka kinachotakiwa kwa njia iliyoandikwa, na usipitishe mwaka 1 bila kuchukua hatua, kwa kuwa baada ya hapo ombi linaweza kufutwa. Ukikataliwa kabisa, omba kipengele cha sheria kilichotumika kiandikwe. Bila hicho wakili hana pa kuanzia.

Viza ikitoka, kagua tahajia ya jina na tarehe ya kuzaliwa siku hiyohiyo. Ukikabidhiwa bahasha iliyofungwa, usiifungue. Lipa ada ya uhamiaji ya USCIS, dola 235, kwenye mtandao kabla ya kusafiri, kwa sababu bila hiyo grini kadi haitatengenezwa. Viza iliyogongwa muhuri uwanja wa ndege wa Marekani hutumika kama kibali cha ukazi kwa mwaka 1 huku ukingoja kadi. Aliyeingia na CR1 aandike kwenye kalenda: grini kadi yake ni ya miaka 2 na ina masharti, na fomu ya I-751 ya kuyaondoa hutumwa ndani ya siku 90 kabla kadi hiyo haijaisha, na ushahidi utakaotakiwa wakati huo ni wa maisha yenu ya pamoja huko, kwa hiyo anzeni kuhifadhi mkataba wa nyumba, bili na taarifa za benki zenye majina yenu mawili tangu mwezi wa kwanza.