Kabla hujamruhusu mtoto kuweka programu ya gemu kwenye laptopu yako

Juzi mama mmoja muuza mitumba aliniletea laptopu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, akaitua mezani kama anayemfikisha mwizi kituoni. "Fundi, hii kitu inakula bando usiku sisi tumelala."

Nikaifungua. Virusi hakuna. Mwanawe alinunua gemu ya mpira, na gemu hiyo haiwaki bila programu ya duka lililoiuza. Jina la duka naliacha. Programu inajiwasha kila kompyuta inapowashwa, inajipakulia masasisho saa nane za usiku, na inamwonyesha kila mtu jina la kijana na saa alizocheza. Jina lenyewe ameandika la kweli, na la shule pembeni!

Wakubwa mtakumbuka, ukinunua diski ulikuwa umemaliza. Mambo yaligeuka mwaka 2004 ilipotoka gemu ya Half-Life 2: hata mwenye diski mkononi alilazimika kuweka Steam, programu ya duka la gemu, na kuingia mtandaoni. Leo ndiyo desturi. Kazi yako ni kuamua unamkubali mlinzi huyo, yaani programu ya duka, kwa gemu ipi, na akishaingia nyumbani afuate masharti yako.

Anza kabla pesa haijatoka. Kwenye ukurasa wa gemu pale Steam, shuka upande wa kulia. Kuna kisanduku kinachosema kama gemu inadai akaunti ya kampuni nyingine au ina kufuli la ziada la kuzuia kunakiliwa. Watu hawakisomi. Ndiyo maana unamkuta mtu kanunua gemu pale Steam, akifungua gemu anaambiwa aweke programu ya pili na akaunti ya pili. Ukikiona kisanduku hicho, nenda GOG, duka jingine la gemu mtandaoni, uangalie kama gemu ipo. Kule unapakua faili kwa kivinjari, unalihifadhi kwenye flashi, na programu yao ya Galaxy ni hiari. Duka la itch.io pia unapakua bila kulazimishwa programu. Mimi hata GOG ikizidi dola moja nanunua huko. Ila gemu za mpira zinazotoka kila mwaka usizitafute kule.

Ukishalipa Steam, jua umelipia leseni, yaani ruhusa ya kucheza, si gemu yenyewe. Tangu Oktoba 2024 wanakuandikia hivyo wakati wa kulipa. Lakini wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Zitumie saa hizo vizuri. Fungua gemu mara moja ukiwa na mtandao, toka, kwenye menyu ya Steam bonyeza "Go Offline", kisha zima data kabisa. Inawaka? Nzuri. Imekataa? Omba pesa yako mapema. Kwetu huku mtandao una siku zake, na gemu ya mtu mmoja inayogoma bila mtandao ni hasara.

Kufungua akaunti kusikuchukue muda: barua pepe ya pembeni, jina la utani, nywila usiyoitumia kwingine. Chini ya miaka 13 Steam hawaruhusu akaunti. Na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijakusanywa, kwa hiyo mzazi usione haya kukaa kitini mwenyewe.

Sasa mipangilio, na hapa usiwe na haraka. Ingia "Settings", halafu "Interface", uzime kule kujiwasha pamoja na kompyuta. Hapo tu nusu ya malalamiko ninayoletewa inakwisha. Nenda "Downloads", panga saa za masasisho na uweke kikomo cha kasi. Kisha fungua wasifu wako, "Edit Profile", halafu "Privacy Settings". Wasifu, orodha ya gemu, orodha ya marafiki, vyote weka "Private" au marafiki tu. Uchunguzi wa vifaa vya kompyuta ukijitokeza, ni hiari. Kataa kama hutaki.

Kuna programu utakayoombwa uiunganishe na marafiki zako wa duka jingine. Mimi nasema hapana. Mwaka 2019 iligundulika programu ya Epic, duka jingine la gemu, ilikuwa inanakili faili la Steam lenye taarifa za marafiki kabla mwenye kompyuta hajaulizwa. Epic walisema hakikutumwa kitu bila ruhusa, na mkuu wao Tim Sweeney akakiri wamekosea. Sawa, lakini aliyeingia chumbani bila hodi ameingia.

Kwa bando, vijana wa hapa wana ujanja mzuri. Tangu 2023 Steam inaweza kuvuta gemu kutoka kompyuta jirani kupitia rauta moja. Mmoja anapakua kwenye waifai ya ofisini, wengine wanavuta kwake bila kugusa data. Chaguo liko humohumo "Downloads". Ruhusu marafiki, usiruhusu kila mtu.

Mama yule alitaka niifute programu palepale. Nikamwambia angoje: programu za namna hii ukizifuta hovyo zinaweza kuondoka na gemu zote zilizo kwenye folda yao. Anayefuta Steam anakili kwanza folda ya steamapps kwenye diski ya nje, la sivyo atapakua upya kila kitu. Tukaiacha, tukazima ya kuzima, tukabadilisha jina na nywila.

Jioni kijana akaja mwenyewe, mpole kweli, kuniuliza nywila mpya. Nikamwambia anayo mama yake.