Likizo moja, ziwa moja: jinsi ya kupanga vitabu vya Agosti ukiwa Kisumu na kwingineko huku magharibi

Kila shule zikifunga Agosti watu wanaanza kuniuliza wasome nini, na mara nyingi mtu anataka orodha ndefu, vitabu kumi vinavyovuma, alafu ukikutana naye wiki ya pili umuulize amefika wapi anakwambia cha kwanza kimemboesha na hivyo vingine hajafungua. Siku hizi orodha sitoi tena. Nasema chagua kitu kimoja ambacho unakiona kwa macho yako kila siku, tafuta vitabu vinavyokizunguka, usome hivyo tu mpaka shule zifunguliwe. Likizo hii iliyoisha mimi nilichagua ziwa, manake naishi Kisumu na ziwa liko hapo chini, na sikumbuki likizo nyingine niliyosoma kwa raha hivyo. Basi hii ndio namna ya kufanya.

Anza na ramani kabla hujagusa kitabu chochote. Chukua karatasi, chora Ziwa Victoria kwa mkono, hata likitoka vibaya hakuna shida, alafu gawanya. Kenya tuna kama asilimia 6 tu ya hayo maji, Uganda asilimia 43, Tanzania ndio wako na nusu na zaidi kidogo. Hii namba ndio iliniamua nisome nini, kwa sababu sisi watu wa Kisumu tunaongea ni kama ziwa linaishia kisiwa cha Mfangano, na hadithi nyingi zake ziko ng'ambo, Ukerewe na Mwanza huko Tanzania, tena zimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote hapa anasoma bila taabu. Kila kitabu ukimaliza weka alama kwenye hiyo karatasi, hadithi imetokea wapi na watu wake wamesafiri kwenda wapi. Ibandike mahali utaiona.

Alafu anza na kifupi. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaanza na kile kinene ndio wajisikie wameanza kweli. Mimi nakushauri ufungue Land Without Thunder ya Grace Ogot, kilitoka 1968, utafute hadithi inaitwa The Rain Came, unaimaliza kwa mkao mmoja hata chai haijapoa sana. Ukame umezidi, mvua imegoma, na chifu Labong'o anaambiwa binti yake Oganda ndiye lazima apelekwe kwa zimwi la ziwani ndio mvua inyeshe. Kuna mahali naomba usipapite haraka: wazee wamekusanyika ndani, Oganda yuko nje anasikia jina lake linatajwa tajwa, na yeye anadhani wanapanga harusi yake, anaanza kuwapima moyoni wale vijana wanaomtaka. Msomaji unajua, yeye hajui. Mimi hapo nilifunga kitabu nikakaa kwanza. Ukimaliza usikimbilie hadithi ya pili, enda kwa nyanya au mzee yeyote wa pande hizi umsimulie hiyo stori kwa mdomo, utashangaa, wengi wanaijua toka utotoni ila kwao inaisha tofauti ama jina ni lingine, na hayo maongezi yenyewe ni nusu ya utamu.

Kitabu cha pili nilichukua The River and the Source ya Margaret Ogola, cha 1994. Najua utasema hicho tulisoma shule. Ndio, na hiyo ndio shida, kilikuwa cha mtihani wa kitaifa kwa miaka, kwa hivyo watu wengi walikisoma wakitafuta maudhui na sifa za wahusika, kalamu mkononi, mwalimu akisema hii itatoka. Kirudie sasa ukiwa mtu mzima, bila kupigia chochote mstari. Fuata safari moja tu: mhusika anaitwa Akoko, akitoka Sakwa, pande za Bondo, kuja Kisumu kwa miguu, mjane, ameshikilia haki ya mjukuu wake kwa sababu shemeji amekalia kiti cha uchifu. Kama umewahi kupanda matatu ya Bondo unaijua hiyo barabara, sasa ifikirie bila lami, na mama ambaye hajui hao wazungu watampokea vipi. Shuleni tuliambiwa tuandike Akoko ni jasiri, ukapewa maki mbili. Ukiwa na miaka yako na shida zako ndio unaona huo ujasiri ulimgharimu nini, aliacha nyumbani kabisa. Binafsi nusu ya kwanza ya hicho kitabu naiweka juu sana, nusu ya pili watu wanakuwa wengi na miaka inakimbia, lakini usiache.

Sasa vuka mpaka. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, kijiji cha Namagondo kisiwani Ukerewe, ambako mwandishi mwenyewe alizaliwa. Baba mlevi na mkali, Rosa anapigwa kwa ajili ya barua ya mvulana, alafu anapelekwa shule ya wasichana ambako hakuna wa kumchunga, na mtu aliyelelewa kwa woga tu woga ukitoka anabaki na nini? Kezilahabi anauliza hilo swali bila kulainisha na ndio maana kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Mzazi, hiki kisome wewe kwanza. Kina mambo mazito, kuna mtu anajitoa uhai humo ndani, kwa hivyo kijana wako akikisoma uwe karibu na muongee, usimpe tu umwache nacho chumbani. Lakini pia usimfiche, manake nimeona wazazi wengi huku wakifanya vile vile alivyofanya yule baba, wakidhani kelele ndio malezi.

Cha mwisho ndio kile kinene, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe huko huko, alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuchapisha, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na kikatoka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, ndio jina lote hilo. Myombekere na mkewe hawana mtoto, ndugu za mume wanamtusi mke, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao, na yule bwana badala ya kuoa mwingine anaenda kumbembeleza mkwe na kupigwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo utapewa kila kitu, pombe inatengenezwa vipi, nani anaalikwa, nani anaongea kwanza. Ukikisoma kama riwaya ya kusaka nini kitatokea utachoka mapema. Kisome polepole asubuhi, kurasa chache, kama vile umekaa na mzee ambaye hataki kuharakishwa. Andika kwenye daftari vyakula, mitumbwi, dawa na samaki, alafu linganisha na vya leo. Usishangae mbuta, yaani sangara, haonekani, huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950, Kitereza alikuwa ameshaweka kalamu chini.

Kuvipata: vya Ogot na Ogola si vigumu, pitia maduka ya vitabu mjini, na wale wa mtumba wanaopanga vitabu chini kando ya barabara waulize kwa jina la mwandishi, sio jina la kitabu, wengi wanakumbuka hivyo. Maktaba ya taifa iko na tawi Kisumu, Kakamega na pia Nakuru, uliza kabla hujatoa pesa. Vya Tanzania ndio vinasumbua. Mabasi ya Mwanza yanapita mpakani Isebania kila siku, kwa hivyo tafuta mtu anayesafiri umtume, umwandikie jina vizuri kwenye karatasi. Cha Kitereza pia kuna tafsiri ya Kiingereza ya 2002 aliyoifanya Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe pia, ukikosa cha Kiswahili chukua hiyo.

Saa ya kusoma, mimi nasema asubuhi. Mchana joto la Kisumu linakulaza, na jioni mvua ya Agosti ikija na ngurumo mara stima inapotea. Simu iache chumba kingine. Kama unaweza, sura moja moja kaisome ufuoni Dunga mapema kabla kelele za watu wa samaki hazijaanza, ama kwenye feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, kwa sababu ukiinua macho kutoka kwa Kitereza ukaona maji yale yale, kitabu kinabadilika kabisa. Na tafuta mwenzako mmoja wa kusoma naye, mmoja tu. Grupu la watu thelathini litaishia kutumiana salamu za asubuhi.

Uko Nakuru? Badala ya ziwa, kitu chako cha kusoma kiwe reli, iliyopita hapo mpaka ikafika ziwani mwaka 1901, au kiwe Bonde la Ufa lenyewe, mpango ni ule ule.

Na kama likizo yako ni fupi, soma Ogot na Kezilahabi, Ogola akipatikana muongeze, Kitereza muache mpaka Desemba ambapo kuna wiki za kutosha.